Kisu kimoja: cha ulanzi na cha seli zetu

Somo la piruveti huwa nalianzia kwenye ulanzi, ile pombe ya mianzi ya Iringa. Kila mwaka hapa Mbeya kuna mwanafunzi wa nyuma anayecheka, kawaida ametoka Iringa.

Ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtamu. Ukilala, unakuwa mkali. Hamira imeivunja glukosi ikapata piruveti mbili, kila moja na kaboni 3. Halafu inakata kaboni moja, ndiyo yale mapovu ya kabonidayoksaidi. Kipande cha kaboni 2 kinaachiwa kama asetaldehaidi, kisha kinageuzwa alkoholi.

Seli zetu nazo hukata hivyohivyo, tena kwa kisu kilekile: thiamini pirofosfeti, itokanayo na vitamini B1. Tofauti ni nani anakipokea kipande.

Kwetu kazi hiyo inafanyika ndani ya mitokondria, vile vyumba vya nishati vya seli, na piruveti dihidrojenesi. Jina ni moja lakini ni vimeng'enya 3 vilivyoshikamana. Cha kwanza kinakata. Cha pili, ninachokipenda mimi, kina mkono mrefu unaonyumbulika, nchani una asidi ya lipoiki. Mkono unakidaka kipande, unageuka nacho, unakikabidhi kwa kibebaji kiitwacho koenzaimu A, tayari kwa mzunguko wa Krebs, hatua zinazofuata za kutoa nishati. Umewaona mafundi wakirushiana matofali hadi juu ya jukwaa? Tofali haligusi ardhi. Baada ya kukabidhi, mkono umebaki na hidrojeni 2 na hauwezi kudaka tena mpaka kimeng'enya cha tatu kiziondoe, kwa vibebaji vya hidrojeni: FAD, kisha NAD.

Hatua hii hairudi nyuma. Asetili koenzaimu A (koenzaimu A iliyokwisha kubeba kipande) inayotokana na mafuta hatuwezi kuirudisha kuwa piruveti, kwa hiyo haitujengei glukosi.

Sasa mnywaji wa kila siku. Pombe inazuia utumbo kufyonza B1, na mara nyingi mwenyewe hali vizuri. (Pumba za mchele wa Kyela tunazowapa nguruwe zina B1 nyingi kuliko wali mweupe tunaojivunia.) Kisu kikikosekana, piruveti inarundikana, nyingi inaishia kuwa lakteti (asidi ya maziwa), na ubongo unaoishi kwa glukosi unaumia mapema. Ndiyo sababu mlevi wa siku nyingi akiletwa wodini amechanganyikiwa, thiamini, yaani hiyo B1, haisubiri dripu ya glukosi iishe. Inatangulia au inakwenda nayo. Glukosi peke yake inaongeza foleni ya piruveti na kumaliza ile B1 kidogo iliyobaki.