Jina limehifadhiwa, lakini mwalo mzima umemjua

Sisi waandishi wa habari tuna dhana potofu kadhaa tunaporipoti habari za watoto waliofanyiwa ukatili wa kingono.

Dhana: Ukiandika "jina limehifadhiwa" umeshamlinda mtoto.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Chukua mfano wa habari kutoka Ukerewe: mtoto wa miaka 9, darasa la tatu, shule imetajwa, kitongoji kimetajwa, baba ni mvuvi wa dagaa, na mshtakiwa, jina kamili, ni mjomba wake. Msomaji wa Dar es Salaam hatamjua. Lakini mwaloni, ambako watu wanajua mtumbwi wa nani umerudi alfajiri na wa nani bado, mtoto huyo ameshatajwa. Jumatatu anaingia darasani wenzake wakinong'ona. Picha ya nyumba yao ni jina. Sauti ya mama yake redioni ni jina pia. Mtuhumiwa akiwa ndugu, usitaje undugu wao, na kwa mahali ishia kwenye wilaya au mkoa.

Dhana: Mbakaji ni mtu baki aliyejificha vichakani.

Mara nyingi ni mtu ambaye mtoto anamfahamu, hata anamwamkia shikamoo. Tukiandika kila mara "jitu katili" na "mnyama", mzazi wa Igoma au Kirumba atamtafuta mnyama huyo barabarani, asimwangalie jirani anayempa mwanawe hela ya andazi. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mvulana 1 kati ya 7! Ni mara ngapi umesikia habari yake?

Dhana: "Alikuwa na mahusiano na mwanafunzi" ni lugha ya staha.

Si staha. Msichana wa miaka 14 hana ridhaa mbele ya sheria. Huko ni kubaka, na neno ni hilo.

Dhana: Kifungo kikishatangazwa, habari imekamilika.

Kuna mama Sengerema anasikiliza huku mwanawe amefanyiwa ukatili jana. Mwambie ampeleke kituo cha afya upesi, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Mwambie polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Msomee namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, haina malipo, kisha irudie taratibu apate kuiandika.