Je, wajua kwa nini gari la langalanga likianza msimu vibaya haliponi kwa wiki moja?

Jumapili moja saa kumi jioni, katika banda la televisheni karibu na soko la Mwanga mjini Kigoma, fundi mmoja wa injini za boti aliniuliza swali ambalo halijanitoka kichwani mpaka leo. Tulikuwa tukitazama mbio za magari za langalanga, yaani Formula 1, na gari la timu moja yenye jina kubwa lilikuwa likipitwa karibu kila kona. "Mwalimu," aliniambia, "hawa watu wana fedha, wana wahandisi kwa mamia, wana kompyuta. Mimi boti ikiletwa asubuhi haivuti, jioni inarudi ziwani. Wao wanashindwaje kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba zipo sheria zinazobana matumizi ya fedha. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini si kiini cha jambo, na niliona usoni mwake kwamba halikumridhisha. Jibu ambalo ningepaswa kumpa ni hili: kazi ngumu si kutengeneza kifaa kipya, bali kujua kwa uhakika kwa nini gari halina kasi, kwa sababu vipimo vilevile vilivyowaahidi wahandisi kwamba gari litakuwa jepesi na la kasi ndivyo wanavyolazimika kuvitegemea wanapotafuta kosa. Fundi wa boti anapoisikiliza injini, sikio lake halijamdanganya wiki iliyotangulia. Wahandisi hawa huanza kazi wakiwa wameshadanganywa mara moja.

Tuanze na injini, kwa kuwa ndiko fundi yeyote huanzia. Msimu wa 2023 timu ya McLaren, yenye makao yake Woking nchini Uingereza, ilimaliza mbio mbili za kwanza, za Bahrain na za Saudi Arabia, bila kupata pointi hata moja. Injini ya gari lao ilitengenezwa na Mercedes, na injini ya aina hiyohiyo ilikuwa ndani ya magari ya Aston Martin. Katika mbio hizohizo za Bahrain, Fernando Alonso akiendesha Aston Martin alimaliza wa tatu. Injini, basi, haikuwa na hatia. Tatizo lilikuwa katika umbo la gari na jinsi hewa inavyopita juu yake, pembeni mwake, na zaidi ya yote chini yake.

Gari la langalanga hushinda au hushindwa kwenye kona, na kwenye kona kinacholishikilia ni hewa inayoligandamiza chini ili matairi yang'ang'anie lami. Chini ya kanuni zilizotumika kuanzia mwaka 2022 hadi 2025, sehemu kubwa ya mgandamizo huo ilitoka kwenye sakafu ya gari, ambayo ilichongwa mifereji mipana upande wa mbele, myembamba katikati, kisha ikapanuka tena nyuma. Hewa ikibanwa ipite mahali pembamba huongeza mwendo, na ikiongeza mwendo mgandamizo wake hupungua, hivyo hewa iliyo juu ya gari, ambayo mgandamizo wake ni mkubwa zaidi, hulisukuma gari zima kuelekea ardhini. Aliyewahi kupanda bodaboda kwenye barabara ya Kasulu anaijua hali hii mwilini mwake: lori kubwa likimpita kwa kasi, kuna nukta moja ambayo huhisi anavutwa kuelekea ubavuni mwa lori. Wavuvi wa Kibirizi nao wanajua kwamba mitumbwi miwili ikienda mbio sambamba na kwa karibu mno huvutana, kwa kuwa maji yaliyobanwa katikati hukimbia kuliko yale ya nje.

Sakafu hiyo ikishushwa karibu zaidi na ardhi, nguvu ya kulivuta gari huongezeka, na hapo ndipo mtego ulipo. Tofauti ya milimita chache tu kati ya sakafu na lami inaweza kuligeuza gari zuri kuwa baya, na kanuni hazimruhusu mtu kushuka anavyotaka, kwa kuwa chini ya gari hufungwa ubao wenye unene wa milimita 10 ambao baada ya mbio haupaswi kuwa umelika hadi chini ya milimita 9. Lewis Hamilton aliondolewa kwenye matokeo ya mbio za China za Machi 2025, akiwa na Ferrari, kwa sababu ya ubao uliolika kupita kiasi.

Swali linalofuata ni jinsi wahandisi wanavyojua umbo lipi litafanya kazi kabla gari halijagusa lami. Wana njia mbili. Ya kwanza ni hesabu za kompyuta, na ya pili ni handaki la upepo, ambamo kielelezo cha gari hufungwa kwenye mhimili huku upepo ukipulizwa na mkanda ukizunguka chini yake mithili ya barabara. Lakini kielelezo hakiruhusiwi kuzidi asilimia 60 ya ukubwa wa gari halisi, na upepo hauruhusiwi kuzidi mita 50 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 180 kwa saa. Gari lenyewe hupita kilomita 300 kwa saa. Kati ya kipimo na barabara, basi, kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalozaa magari mabaya.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mercedes mwaka 2022. Timu hiyo ilikuwa imetwaa ubingwa wa watengenezaji misimu minane mfululizo, na gari lake jipya, W13, lilionekana kwenye vipimo kuwa zuri mno. Lilipofikishwa uwanjani lilianza kudunda. Kwenye sehemu zilizonyooka, kasi ilipopanda, sakafu ililivuta gari chini hadi njia ya hewa ikakaribia kuziba. Njia ilipoziba nguvu ilikatika ghafla na gari likainuka. Lilipoinuka hewa ikapita tena na kulivuta chini upya, mara kadhaa kwa kila sekunde. Handaki la upepo halikuwa limeonyesha jambo hilo, kwa kuwa kasi yake ni ndogo na kielelezo kimeshikiliwa imara. Katika mbio za Baku, Azerbaijan, za Juni 2022 mgongo wa Hamilton, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa Mercedes, uliumia kiasi kwamba alitoka ndani ya gari kwa shida. Dawa ya haraka ilikuwa kuliinua gari, lakini gari lililoinuliwa lilipoteza mgandamizo uleule ambao lilijengwa liupate. Walipata ushindi mmoja tu msimu ule, wa dereva mwenzake, George Russell, nchini Brazil tarehe 13 Novemba, katika mbio za pili kutoka mwisho.

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu ndipo jibu la swali la fundi lilipo. Mercedes hawakukosa fedha wala akili. Walichokosa kwa miezi mingi ni uhakika wa ugonjwa, kwa maana kudunda kulificha kasoro nyingine, na kila walipopunguza kudunda walikuta chini yake tatizo jingine lililokuwa likisubiri.

Fundi angeuliza: kwa nini basi wasilichukue gari uwanjani kila siku na kulijaribu? Hawaruhusiwi. Tangu mwaka 2009 majaribio ya magari ya msimu husika katikati ya msimu yamebanwa sana. Kabla ya msimu wa 2023 kila timu ilipewa siku tatu tu nchini Bahrain, kwa gari moja lililogawanywa kati ya madereva wawili. Baada ya hapo hubaki vipindi vya mazoezi vya wikiendi ya mbio, ambavyo kwa kawaida ni vitatu vya dakika 60 kila kimoja, na ndani ya muda huo dereva anatakiwa pia kuijua njia na kuyajua matairi. Ndiyo maana Ijumaa mtu huona magari yametoka yakiwa na fremu kubwa zilizojaa mirija midogo nyuma ya matairi, au yamepakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Mirija hupima mwendo na mgandamizo wa hewa. Rangi husukumwa na upepo na kuacha michirizi, na wapiga picha wa timu huipiga picha gari likirudi, ili walioko kiwandani walinganishe michirizi ya kweli na ile iliyochorwa na kompyuta. Mahali michirizi miwili inapotofautiana ndipo uchunguzi unapoanza.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wa hapa kwetu wanalijua vizuri bila kufundishwa darasani. Boti ikikosa nguvu, fundi mwangalifu habadilishi plagi, kabureta na propela kwa mara moja, kwa kuwa ikipona hatajua kilichoiponya, na ikirudi kuugua atakuwa hana pa kuanzia. McLaren walipata nafasi adimu ya kuifuata kanuni hiyo kwa kiwango kikubwa. Hata kabla ya msimu wa 2023 kuanza, mkuu wa timu, Andrea Stella, alikiri hadharani kwamba hawakuridhika na gari walilokuwa wakianza nalo, kwa kuwa walikuwa wamechelewa kutambua njia sahihi ya kulikuza. Kwa maoni yangu maungamo hayo yalikuwa na thamani kuliko kifaa chochote walichofunga baadaye. Mwezi Machi idara ya ufundi ilipangwa upya na mkurugenzi wake, James Key, akaondoka. Baada ya mbio nane walikuwa na pointi 17 tu.

Kisha ikafika Austria, mwanzoni mwa Julai. Walileta sakafu mpya na maumbo mapya ya ubavuni na ya kifuniko cha injini, lakini vilitosha gari moja tu, la dereva Lando Norris, huku mwenzake Oscar Piastri akibaki na gari la zamani. Wikiendi hiyo ilikuwa na mbio fupi za Jumamosi, na kwa hiyo kulikuwa na kipindi kimoja tu cha mazoezi. Hata hivyo timu ilikuwa na magari mawili, moja la kale na moja jipya, kwenye lami ileile, siku ileile, chini ya jua lilelile, na hakuna handaki la upepo linaloweza kutoa ulinganisho wa namna hiyo. Norris alimaliza wa nne. Wiki moja baadaye, Silverstone nchini Uingereza, Piastri naye alipata vifaa vingi kati ya hivyo, Norris akawa wa pili na Piastri wa nne, na wikiendi hiyo moja iliwapa pointi 30. Walifunga msimu wakiwa na pointi 302, katika nafasi ya nne.

Vifaa vile vya Julai havikubuniwa Juni. Umbo huchorwa, hupimwa kwenye kompyuta, kielelezo chake hutengenezwa na kupimwa handakini, kisha hutengenezwa kalibu, hutandikwa matabaka ya nyuzi za kaboni kwa mkono, huokwa kwenye tanuri lenye joto na mgandamizo mkubwa, na hukaguliwa kabla ya kusafirishwa. Wakati huo McLaren walikuwa bado wakikodi handaki la upepo la Toyota lililoko Cologne, Ujerumani, hivyo kila kielelezo kilisafiri kutoka Uingereza. Handaki lao wenyewe, pale Woking, lilianza kazi mwezi Agosti 2023. Wakati wa kiangazi pia viwanda hufungwa kwa siku 14 kwa mujibu wa kanuni, na hakuna anayeruhusiwa kuendelea na usanifu.

Kuhusu fedha, nililomwambia fundi lilikuwa kweli kwa sehemu: tangu 2021 kuna kikomo cha matumizi, kilichoanza na dola milioni 145 kwa mwaka, hivyo kifaa kilichoshindwa kinakula fedha za kifaa kinachofuata. Kanuni hata hivyo zina huruma kidogo kwa walio nyuma. Muda wa kutumia handaki la upepo hugawanywa kwa kufuata msimamo, bingwa akipata asilimia 70 ya kiwango cha msingi na kila nafasi inayofuata ikiongezewa asilimia 5, hadi wa kumi anayepata 115, na mgao huo hupangwa upya katikati ya mwaka.

Yapo pia magonjwa yasiyotibika msimu ukiwa unaendelea. Mabawa, sakafu na maumbo ya ubavuni yanaweza kubadilishwa, lakini chasisi, ambayo dereva huketi ndani yake na ambayo hupitishwa katika majaribio ya kugongwa kabla ya msimu, ni gharama kubwa mno kuijenga upya. Mwaka 2023 Mercedes waliacha ubavu wao mwembamba na kuleta umbo jipya Monaco, mwezi Mei, baada ya mbio za Imola, Italia, walikotarajia kulianzia kufutwa kwa sababu ya mafuriko. Lakini Hamilton alilalamika pia kwamba ameketishwa karibu mno na magurudumu ya mbele, kiasi kwamba hahisi mapema sehemu ya nyuma inapoanza kuteleza. Hilo halikuweza kuguswa. Nilipomweleza fundi wangu, alielewa kabla sijamaliza: mbao za ubavuni unaweza kuzibandua boti ikiwa imevutwa ufukweni, lakini mkuku hauhamishwi, unasubiri boti nyingine. Kiti cha Hamilton kilirudishwa nyuma katika gari la 2024.