Roosevelt Hakumaliza Mdororo Mkuu kwa Kujenga Mabwawa

Kila msimu wa bajeti unapokaribia, hapakosekani mtu wa kutuambia redioni au gazetini kwamba Marekani ilijinasua kutoka katika Mdororo Mkuu wa Uchumi kwa sababu serikali ya Franklin Roosevelt ilimwaga fedha nyingi katika barabara, madaraja na mabwawa, na kwamba nasi, kwa hiyo, tukope bila woga. Wiki iliyopita nimeisikia hoja hiyo tena, safari hii kutoka kwa mtu aliyesoma uchumi, na uvumilivu wangu umefika mwisho. Kama tunataka kukopa, tukope kwa hoja zetu wenyewe. Tusimsingizie Roosevelt jambo ambalo hakulifanya.

Tuanze na hesabu. Pato la taifa la Marekani kwa bei za wakati huo lilikuwa takriban dola bilioni 104 mwaka 1929. Mwaka 1933 lilikuwa limebaki takriban bilioni 57. Sehemu ya anguko hilo ni kushuka kwa bei, lakini hata ukiiondoa, uzalishaji halisi ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Mbele ya shimo la ukubwa huo, nakisi ya bajeti ya serikali kuu katika mwaka wa fedha wa 1934, ambao ndio mwaka kamili wa kwanza wa Roosevelt, ilikuwa takriban dola bilioni 3.6. Na ya mwaka 1932, chini ya rais aliyemtangulia, Herbert Hoover, yule anayesimuliwa kama mtu aliyekaa akitazama tu? Takriban bilioni 2.7. Anayeziita hizo zama mbili za uchumi zinazopingana kama usiku na mchana hajazisoma namba hizo.

Isitoshe, Roosevelt alifanya kampeni mwaka 1932 akimlaumu Hoover kwa matumizi makubwa, na tarehe 20 Machi 1933, siku 16 tu baada ya kuapishwa, alitia saini sheria ya kubana matumizi iliyopunguza mishahara ya watumishi wa serikali kuu na pensheni za askari wastaafu. Kodi kubwa ambazo Hoover alizipandisha mwaka 1932, zikiwemo za mapato zilizofikisha kiwango cha juu kabisa kutoka asilimia 25 hadi 63, hazikushushwa; mwaka 1935 ziliongezwa tena. Serikali za majimbo na za miji nazo zilikuwa zikikata matumizi na kuanzisha kodi za mauzo, hivyo kile kilichoongezwa na Washington kwa mkono mmoja kiliondolewa kwa sehemu kubwa na mkono mwingine. Mwaka 1956 mwanauchumi E. Cary Brown aliyajumlisha yote hayo na kuhitimisha kwamba sera ya bajeti haikuuinua uchumi wa miaka ya 1930 kwa sababu haikujaribiwa, wala si kwa sababu haifanyi kazi. Makala yake ina umri wa takriban miaka 70, na bado tunabishana kana kwamba haijaandikwa.

Hata hivyo uchumi uliinuka, na uliinuka kwa kasi: kati ya 1933 na 1937 ulikua kwa wastani wa zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka. Kilichouinua, kwa maoni yangu na ya wengi waliochunguza takwimu za fedha, ni benki na dhahabu. Roosevelt alipoapishwa tarehe 4 Machi 1933, benki za majimbo mengi zilikuwa zimefungwa au zimewekewa mipaka ya kutoa fedha. Akazifunga zote kwa amri, Bunge likapitisha sheria ya dharura tarehe 9, na jioni ya Jumapili tarehe 12 akaeleza redioni, kwa lugha ambayo mkulima yeyote angeielewa, ni benki zipi zingefunguliwa na kwa nini. Ndani ya wiki mbili zaidi ya nusu ya fedha taslimu ambazo watu walikuwa wamezificha majumbani zilikuwa zimerudi benki. Mwezi Aprili aliamuru watu wasalimishe dhahabu yao, na Januari 1934 bei ya wakia moja ikapandishwa rasmi kutoka dola 20.67 hadi 35. Baada ya hapo dhahabu ilimiminika kutoka Ulaya, Hazina ikaigeuza kuwa fedha za benki, na matarajio ya watu kwamba bei zingezidi kushuka yakavunjika.

Jambo hili halikuwa la Marekani peke yake. Nchi zilizoiacha dhahabu mapema, yaani zilizoacha kuifunga thamani ya fedha zao kwa dhahabu, ziliinuka mapema, na Ufaransa, iliyoing'ang'ania hadi 1936, ililipia ukaidi wake. Hata Tanganyika, Kenya na Uganda, ambazo shilingi yake ilifungwa kwa pauni kwa kiwango cha shilingi 20, ziliiacha dhahabu siku ileile Uingereza ilipoiacha mnamo Septemba 1931, bila mtu yeyote wa huku kuulizwa. Kwa bahati mbaya mkonge na kahawa havikupona kwa sababu hiyo pekee, kwa kuwa wanunuzi wake walikuwa bado hoi.

Bima ya amana za benki nitaipitia haraka, ingawa ndiyo sehemu ya mageuzi iliyodumu vizuri kuliko zote. Roosevelt mwenyewe aliitilia shaka, lakini Bunge likaipitisha. Mwaka 1933 benki takriban 4,000 zilisimamisha shughuli; mwaka 1934, bima ilipoanza kwa kikomo cha dola 2,500 kwa mweka amana, benki zenye bima zilizoanguka zilikuwa 9.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniudhi hasa. Watu huchanganya miradi ya kusaidia wenye dhiki na miradi ya kufufua uchumi, halafu huihukumu ile ya kwanza kwa kipimo cha ile ya pili. Harry Hopkins, aliyesimamia misaada tangu Mei 1933, hakuwa akikokotoa kiasi gani cha pato la taifa kingezalishwa na kila dola. Alikuwa akitafuta namna ya kuwafikishia watu mlo na ujira kabla ya baridi kali. Mradi wake wa ajira za muda ulianza Novemba 1933, na kufikia Januari 1934 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 4. Ukafungwa majira ya kuchipua kwa sababu Roosevelt aliogopa gharama. Kambi za CCC, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi za misitu na ardhi, ziliwalipa dola 30 kwa mwezi, na takriban 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi. Huo ni utaratibu wa kulisha kaya, na kama ulipanda miti njiani, ni heri zaidi. Harold Ickes, waziri wa Roosevelt, kwa upande mwingine, alipewa dola bilioni 3.3 kwa ajili ya ujenzi mkubwa, na kwa kuwa alikagua kila mkataba kwa hofu ya wizi, fedha zake zilitoka polepole mno. Mabwawa ambayo watu wetu huyasifia kama dawa ya mdororo yalikuwa ndiyo sehemu iliyochelewa kuliko zote.

Mchanganyiko huohuo umo ndani ya takwimu zenyewe. Utasikia kwamba mwaka 1936, baada ya miaka mitatu ya Roosevelt, ukosefu wa ajira ulikuwa bado karibu asilimia 17, na kwamba hilo linathibitisha kushindwa kwake. Takwimu hiyo ni ya mwanauchumi Stanley Lebergott, na inawahesabu watu waliokuwa wakifanya kazi katika miradi ya dharura ya serikali, hasa WPA, wakala wa serikali wa kazi za umma, kuwa hawana kazi. Mwaka 1976 mwanauchumi mwingine, Michael Darby, aliwahesabu kuwa wana kazi, na takwimu ya mwaka huohuo ikashuka hadi karibu asilimia 10. Watetezi wa Roosevelt hunukuu ya pili na wapinzani wake ya kwanza, na ni wachache mno katika kila kundi wanaosema wamenukuu ipi. Lebergott hakuwa mjinga wala mwenye chuki: alitaka kupima ni kiasi gani uchumi wa kawaida ulishindwa kuwaajiri watu, na kwa swali hilo mtu anayechimba mtaro kwa ujira wa WPA bado ni ushahidi wa kushindwa huko. Lakini ukitaka kujua ni kaya ngapi zilikosa kipato, kumwita mtu huyo asiye na kazi ni kichekesho, maana alikuwa anakwenda kazini, analipwa na anarudi amechoka. Hata hivyo, wengi walibaki WPA kwa muda mrefu, wakiogopa kuacha ujira mdogo wenye uhakika kwa ajili ya mkubwa usio na uhakika, kwa hiyo takwimu ya Darby nayo inaficha jambo. Mimi huwapa wanafunzi zote mbili na kuwakataza kuandika neno "ukosefu wa ajira" kwa miaka hiyo bila kusema wanamhesabu nani.

Kuhusu mageuzi ya viwanda na kilimo, sina uhakika ambao vitabu vya kiada hujifanya kuwa nao. Sheria ya viwanda ya Juni 1933 iliruhusu makampuni kukubaliana bei na mishahara hadi Mahakama Kuu ilipoifuta Mei 1935. Wapo wanaodai kwa hoja nzito kwamba iliurefusha mdororo kwa kuzuia ushindani. Wapo wanaojibu kwamba kwa kupandisha bei wakati bei zinaporomoka iliwashawishi watu wanunue mapema. Nimebadilisha mawazo zaidi ya mara moja. Kuhusu kilimo nina uhakika zaidi: wenye mashamba ya pamba wa Kusini walilipwa ili walime eneo dogo, na wengi wao waliwafukuza walimaji wa kugawana mazao, wengi wakiwa weusi, ambao jasho lao halikuhitajika tena. Na sheria ya hifadhi ya jamii ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani.

Linabaki swali la 1937, ambalo hunitesa kwa sababu linaweza kutumiwa dhidi yangu. Mwaka huo serikali ilipunguza matumizi na kuanza kukusanya kodi ya hifadhi ya jamii. Wakati huohuo Benki Kuu ilikamilisha kuongeza maradufu akiba ambayo benki zililazimika kuweka, na Hazina ilikuwa imeacha kuigeuza dhahabu mpya kuwa fedha. Uchumi ukaanguka, na ukosefu wa ajira, kwa kipimo cha Lebergott, ukafika asilimia 19 mwaka 1938. Kisha katika Aprili 1938 breki zote zikaachiliwa pamoja: Roosevelt akaomba fedha zaidi za matumizi, Hazina ikaiachia dhahabu, akiba za lazima zikapunguzwa, na uchumi ukaanza kukua tena kwa kasi miaka mitatu na zaidi kabla ya Marekani kuingia vitani. Ninaipa dhahabu sifa kubwa, kwa sababu iliendelea kumiminika kutoka Ulaya iliyojaa hofu ya vita, huku nakisi za bajeti zikibaki ndogo. Lakini mtu akishikilia kwamba katika mwaka ule ni matumizi yaliyofanya kazi, sina takwimu za kumnyamazisha.