Kupanda Kreta ya Amboy, volkano mfu ya jangwa la Mojave

Kusini mwa California, Marekani, kando ya barabara kongwe ya Route 66, kuna kilima cheusi chenye kilele bapa. Hiyo ndiyo Kreta ya Amboy. Kimo chake ni kama mita 76 tu, na kitako chake kina upana wa mita 460 hivi. Ni kidogo, lakini sijui mahali pengi ambapo mtu asiyesomea jiolojia anaweza kuona kwa macho yake jinsi volkano ilivyojijenga.

Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, iliyojaa gesi ilipofika karibu na uso wa dunia, gesi ilifumuka na kuirusha juu vipande vipande. Vipande hivyo vilipoa vikiwa hewani, vikaanguka kuzunguka tundu na kulundikana. Okota kimoja: ni chepesi, kina vitundu kama mkate wa kumimina, na kila kitundu kilikuwa povu la gesi. Volkano za namna hii mara nyingi hazidumu. Parícutin ya Mexico ilichipuka katika shamba la mahindi mwaka 1943, ikanyamaza 1952.

Ukuta wa magharibi wa Amboy una pengo. Lava, yaani magma iliyotoka nje, ndiyo iliyoubomoa, na leo wageni huingilia hapo. Ndani utakuta udongo mfinyanzi mweupe umetanda nyuma ya kingo za lava iliyoganda. Ukifika juu ukingoni, tazama uwanda wa lava wa takriban kilomita za mraba 70. Upepo hutandaza mchanga juu yake, isipokuwa ule ukanda mweusi ulio nyuma ya kilima, kwa sababu kilima huvuruga upepo hapo. Wanasayansi wa sayari wameuchunguza ukanda huo ili kuielewa michirizi kama hiyo iliyopo kwenye sayari ya Mirihi.

Aliyewahi kupanda kreta ya Chaimu, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, anajua changarawe hizi zinavyoporomoka chini ya mguu. Vaa viatu vigumu, ufuate njia iliyokwisha kukanyagwa: mteremko ukichimbuliwa na miguu, kovu lake hukaa miaka mingi. Mawe yaache palepale. Kreta hii ni alama ya asili ya taifa tangu 1973.

Wageni wengi huniuliza kama italipuka. Mimi naliogopa jua zaidi. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 5, kivuli hakuna, na miamba myeusi hufyonza joto na kulirudisha mwilini mwako. Wakati wa kiangazi joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi, na watu huzidiwa kabla hawajatambua. Nenda kati ya Novemba na Machi, uanze alfajiri, na usitegemee kupata maji huko. Mwenzako akianza kupepesuka au kuongea yasiyoeleweka, usimsubiri apate nafuu: mmwagie maji, mpepee, uombe msaada. Na maji yako yakifika nusu kabla hujafika kwenye pengo, geuka urudi.