Hapana, Battle City ya kwenye simu yako haijachakachuliwa

Nimeulizwa tena. Safari hii ni mtu mzima mwenye familia yake, kaketi mbele ya meza yangu ya kazi, simu mkononi: "Fundi, hii siyo ile. Ile yetu ilikuwa imetulia. Hii wameiharakisha." Gemu anayoisema ni ya vifaru, Battle City. Mjuaji mmoja kamshauri aweke PAL (mfumo wa televisheni wa picha 50 kwa sekunde) kwenye mipangilio, kaweka, na sasa malalamiko yamekuwa mawili: mwendo umetulia, lakini muziki umeshuka na kuwa mzito, hauutambui hata ukiusikiliza mara mbili.

Kila anayekuja na shida hii anaamini moja kati ya mambo mawili. Ama kuna watu wamelichezea faili la gemu, ama yeye mwenyewe amezeeka na vidole vimekufa. Yote mawili si kweli, na kueleza kwa mdomo kumenichosha.

Tuanze na faili, maana hilo ni jepesi. Battle City ya Namco, ya mwaka 1985, ni kilobaiti 24 tu: 16 za programu na 8 za picha. Picha moja ya simu yako inaizidi mara nyingi. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za gemu za zamani na kusoma kaseti zake, zile ambazo ukifungua bodi hukuti chipu yenye miguu, unakuta doa jeusi la gundi ngumu. Doa hilo halitoki, kwa hiyo husomwa kupitia meno ya kaseti yenyewe, yote 60. Tofauti unazozikuta ukilinganisha na faili linalozunguka mtandaoni ni jina la kampuni lililofutwa kwenye skrini ya kwanza, au amri fulani ya kuruka iliyowekwa ili gemu iitwe kutoka kwenye menyu ya kaseti yenye gemu nyingi. Mwendo wa gemu haujaguswa. Ile yenye boti ya kuvukia maji na bastola ni nyingine, Tank 1990, imejengwa juu ya Battle City na watu wengine kabisa. Kama kumbukumbu yako ina boti, unatafuta faili lisilo lako.

Kilichobadilika ni mashine. Famicom ya Nintendo, mashine ambayo Battle City iliandikiwa, iliundwa kwa televisheni za Japani, zinazochora picha mara 60 kwa sekunde. Na karibu kila kitu ndani ya gemu hizi huhesabiwa kwa fremu, yaani kwa kila picha inayochorwa, hakihesabiwi kwa saa. Risasi ya kifaru husogea pikseli kadhaa kila fremu. Mruko wa simba kwenye Circus Charlie, pale anapopita katikati ya pete ya moto, ni idadi maalumu ya fremu. Mafuta ya Road Fighter hupungua kila baada ya fremu kadhaa. Sisi hatukuwa na televisheni za mara 60. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, Tanzania Bara vituo vikaanza mwaka 1994, na kote huko mfumo ulikuwa PAL, picha 50 kwa sekunde. Mashine tulizouziwa, zile za kuchomeka kwenye tundu la antena na kutafuta chaneli mpaka chenga ziishe, ziliundwa kwa televisheni hizo.

Kwa hiyo tendo linalochukua fremu 60 lilimalizika kwa sekunde 1 Tokyo, na kwa sekunde 1.2 Tanga. Fremu moja kule ni milisekunde 16.6, huku kwetu ni 20. Mtoto wa huku alipata muda zaidi wa kuona risasi inakuja na kugeuza kifaru. Simu yako inaliendesha faili kama lilivyoendeshwa Tokyo. Hakuna aliyeliharakisha. Wewe ulikulia kwenye mwendo wa 50.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ushauri wa "weka PAL" unapozaliwa. Ushauri huu unaniudhi kuliko uvumi wa faili, kwa sababu uko karibu na ukweli kiasi kwamba mtu akishaupata haulizi tena. Anaweka, anasikia muziki umeharibika, anaamua kwamba gemu ya utoto wake haipo tena duniani. Ipo. Kakosea kitufe kimoja.

Mashine za 50 ni za aina mbili. Ya kwanza ni NES rasmi, yaani Famicom kwa umbo la nje ya Japani, ambayo Nintendo waliiuza Ulaya. Ya pili ni hizi zetu, ambazo Nintendo hawakuziruhusu: nakala zilizotengenezwa Taiwan na China, nyingi zikiwa na chipu za kampuni ya UMC ya Taiwan, au chipu moja iliyobeba muundo uleule. Waandishi wa emuleta, yaani programu zinazoiga mashine hizi kwenye simu na kompyuta, huuita muundo huu Dendy, jina la mashine ya namna hiyo iliyouzwa Urusi kuanzia mwaka 1992. Ukibonyeza PAL umeomba ya kwanza. Wewe hujawahi kuigusa ya kwanza.

Tazama namba. Zote mbili zina kristali inayopiga mara milioni 26.6 kwa sekunde. Nintendo wakaigawa kwa 16, prosesa ikaenda kwa megahezi 1.66. UMC wakaigawa kwa 15, wakapata 1.77. Famicom ya Japani inaenda kwa 1.79. Noti za muziki katika mashine hii hutokana na mwendo wa prosesa. Kwa hiyo kwenye mashine ya UMC noti zimeshuka kwa chini ya asilimia moja, na sikio la kawaida halishiki. Kwenye NES ya Ulaya zimeshuka kwa asilimia 7, zaidi ya nusu toni. Lakini kasi ya wimbo, yaani lini noti moja iishe na nyingine ianze, huhesabiwa kwa fremu kama kila kitu kingine. Matokeo yake ni haya: kwa mwendo wa Japani unapata noti sahihi kwa kasi usiyoijua, kwa PAL unapata kasi unayoijua kwa noti zilizoshuka, na kwa Dendy pekee unapata vyote viwili kama vilivyokaa kichwani mwako. Ndiyo maana huwa namwomba mtu aniimbie kwanza ule mlio mfupi unaolia mwanzoni mwa hatua. Karibu wote huuimba kwa mwendo wa Dendy, pamoja na wale wasiojua kuimba chochote kingine.

Gemu zilizotolewa rasmi Ulaya baadhi zilirekebishwa noti zake ziendane na mashine ya huko. Battle City hawakuitoa kule, wala Marekani, enzi za mashine hiyo. Circus Charlie vivyo hivyo, na Binary Land, na Nuts & Milk. Zilikuwa za Famicom ya Japani tu, zikasambaa kwetu, Urusi, Poland na kwingineko kupitia kaseti za nakala. Hili lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maelekezo mengi ya Kiingereza mnayoyasoma yameandikwa na Wamarekani waliokulia kwenye 60, au Wazungu waliokulia kwenye NES rasmi. Ni watu waaminifu, wanaeleza mashine zao. Ila hawakucheza gemu hizi utotoni na hawakuwa na mashine yetu, na sisi tunachukua dawa ya ugonjwa wao.

Niseme kidogo kuhusu Binary Land, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote na karibu kila mara nikiitaja nakuta hakuna anayeijua kwa jina. Ni ya Hudson Soft, ya mwaka 1985 kwa Famicom. Skrini imegawanywa katikati na ukuta, kuna pengwini wawili, mmoja kila upande, na juu kuna moyo ndani ya kizimba. Pedi ni moja kwa wote wawili, lakini mmoja ni kioo cha mwenzake: ukibonyeza kulia, huyu anakwenda kulia na yule anakwenda kushoto. Juu na chini wanakwenda pamoja. Vizuizi vya pande mbili havifanani, kwa hiyo mmoja akikwama mwenzake anaendelea, na kazi yako ni kutumia huko kukwama kuwaweka sawa ili wafike kwenye moyo kwa wakati mmoja. Njiani kuna buibui, na mmoja akinasa kwenye utando lazima mwenzake aje amtoe. Ukiichezea kwa 60 jicho linalazimika kuchagua pengwini mmoja. Kwa 50 jicho linawahi kwenda na kurudi. Hiyo milisekunde tatu na ushee kwa kila fremu, kwenye gemu hii, kwangu mimi ndiyo inayokupa nafasi ya kuwaongoza wote wawili badala ya kumkimbiza mmoja na kumsahau mwingine.

Turudi kwenye PAL, sijamalizana nayo. Televisheni ya 60 huchora mistari 262 kila fremu, ya 50 huchora 312. Hiyo mistari 50 ya ziada haina picha, ni muda mtupu, na mtengenezaji lazima aamue auweke wapi. Picha ikimalizika kuchorwa, chipu ya picha huipigia prosesa honi: sasa badilisha unachotaka kabla fremu mpya haijaanza. Kwenye Famicom, kutoka honi hadi fremu mpya ni mistari 20. Baadhi ya waandishi wa programu walihesabu mapigo ya prosesa kuanzia honi, ili wajue mstari gani unachorwa na waikate skrini pale pale, juu pakae alama zimetulia, chini barabara isogee. Nintendo, kwenye mashine ya Ulaya, wakauweka muda mtupu wote baada ya honi, ikawa mistari 70. Abiria aliyezoea basi kuondoka dakika 20 baada ya honi, leo linaondoka baada ya 70: hatalikosa, lakini kama alipanga mambo yake kwa kuhesabu kutoka kwenye honi, yote yatatokea mahali pasipo pake. UMC wakauweka muda mtupu kabla ya honi. Honi ikilia, imebaki mistari ileile 20, na kila mstari una mapigo yaleyale ya prosesa kama Japani. Walilazimika kufanya hivyo, maana kaseti walizotegemea zilikuwa za Japani na hakuna ambaye angeziandika upya. Watu huziita mashine hizi takataka za nakala. Kwa kuendesha gemu za Famicom kwenye televisheni ya PAL, wahandisi wa UMC walifanya kazi safi kuliko wenye mali, na ninasema hivi baada ya kuishi na mashine za aina zote mbili juu ya meza.

Kuna jambo la sauti pia. Chaneli kuu mbili za muziki ni mawimbi ya mraba, na programu huchagua upana wa wimbi. Chipu nyingi za nakala zimebadilishana upana wa asilimia 25 na wa asilimia 50, gemu ikiomba huu inapewa ule. Noti ni ileile, ila sauti ya asilimia 25 ni nyembamba na kali, ya 50 ni nene. Ukishaweka Dendy na bado unahisi muziki "umevaa koti la mtu", tafuta sehemu ya kubadilishana upana wa mawimbi. Emuleta ya Mesen inayo, ya FCEUX inayo.

 

Hata hivyo siahidi kwamba ukifuata haya yote utaipata ileile. Mashine zetu hazikuwa kitu kimoja. Zile za miaka ya mwisho zenye chipu moja zilichanganya tabia, nyingine mwendo ni wa Dendy lakini mawimbi hayajabadilishana, kwa hiyo hakuna mpangilio mmoja unaomfaa kila mtu na itabidi sikio lako liamue. Na sikio lililokaa miaka na kumbukumbu ni shahidi ninayemtumia kwa sababu sina mwingine. Pia mtunzi wa muziki ule aliuandika kwa 60, na ukiniuliza toleo gani ni halali, hoja yake ni nzito kuliko yangu. Najibu tu swali lililoletwa mezani: ile uliyoicheza wewe.

Kwenye Mesen, FCEUX au Nestopia, nenda kwenye mipangilio ya mfumo au eneo, chagua Dendy, si PAL, kisha uanzishe gemu upya kabisa badala ya kuendelea na hali uliyoihifadhi. Kwenye simu utaona kitu kingine: skrini nyingi huchora mara 60, gemu inatoa fremu 50, kwa hiyo fremu moja katika kila tano huonyeshwa mara mbili na barabara ya Road Fighter inakwenda kwa kushtuka-shtuka. Hilo si kosa la mpangilio. Chomeka kompyuta kwenye televisheni kwa HDMI, weka picha kwenye hezi 50, ambayo televisheni nyingi zinazouzwa huku hukubali, na uwashe hali ya gemu ya televisheni ili isicheleweshe picha. Kama kioo kinachelewa, kifaru kitageuka baada ya kidole, na utarudi tena kuniambia faili limechezewa.