Kabla ya Kuongeza Presha ya Tabo Hapa Dodoma

Wenye Subaru Impreza na Forester za injini ya EJ20 wanapofika gereji, wengi huomba presha ya tabo (feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini) iongezwe, kwa maelezo kwamba gari limekuwa zito na halina tena mvuto wa awali. Mimi huanza kwa kutafuta mahali hewa inapopotelea, kwa sababu mara nyingi tabo yenyewe ni nzima, na kuongeza presha kwenye mfumo unaovuja ni kuiua kabla ya wakati wake.

Mji wetu uko takriban mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la karibu baa 0.89, ilhali Dar es Salaam ni karibu baa 1.01. Geji nyingi za tabo huonyesha tu kile kilichozidi shinikizo la nje. Kwa hiyo geji inaposoma baa 1, injini iliyoko Dar es Salaam inapokea jumla ya baa 2.01, na iliyoko hapa inapokea 1.89. Ili zilingane, tabo ya huku inalazimika kuikandamiza hewa karibu mara 2.3 badala ya mara 2, hivyo inazunguka kwa kasi zaidi na kutoa hewa yenye joto kali zaidi. Hozi ikivuja, mzigo huo unaongezeka, maana tabo inabidi ifidie pia hewa inayotoroka.

Kuna dalili ambayo mafundi wengi huisoma vibaya. Katika nyingi ya injini hizi hewa hupimwa na sensa iliyo karibu na boksi la chujio, kabla haijafika kwenye tabo. Ikitorokea mbele, kati ya tabo na throto (mlango wa hewa unaofunguka unapokanyaga mafuta), kompyuta ya gari huendelea kumwaga petroli ya hewa yote iliyopimwa, ingawa sehemu yake haikufika kwenye silinda. Gari linatoa moshi mweusi unapokanyaga mafuta, linakula petroli, na plagi zinatoka na masizi makavu. Hapo ndipo mteja huuziwa nozeli mpya asizozihitaji.

Vumbi la Dodoma, ambalo ni adui wa injini kwa mengine yote, hapa linasaidia. Hewa ya tabo hubeba ukungu mwembamba wa oili, na inapovuja huacha unyevu ambao vumbi hunasa, hivyo chini ya hozi ya intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), pale klipu ilipolegea, utakuta baka jeusi lenye kingo nyekundu. Kwa uhakika zaidi, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwenye tabo kwa kifuniko chenye valvu, ingiza upepo wa kompresa polepole hadi baa 1 huku injini ikiwa imezimwa, kisha pakaa maji ya sabuni kwenye kila maungio. Mapovu yatakuonyesha.

Uvujaji ukiisha, pima kompresheni, yaani presha inayojengeka ndani ya silinda, kwa zote nne. Chujio la hewa liwe safi, na kama ni la kuoshwa, lisipakwe oili kupita kiasi, kwani oili hiyo huganda kwenye waya wa sensa.

Marekebisho ya kompyuta yaje mwisho, na yazingatie petroli. Matoleo yenye nguvu ya soko la Japani yalipangwa kwa petroli ya okteni 100 (okteni ni kipimo cha petroli kuhimili presha bila kulipuka ovyo), na ukiongeza presha kwa petroli ya okteni ya chini, injini inaanza kugonga, yaani petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda, kisha kingo za pistoni zinazoshika ringi huvunjika. Kwa hiyo gari nililolirekebisha nalijaribu likiwa na mzigo, kwenye mpando wa kutoka Bahi kuelekea Manyoni, msaidizi wangu akisoma kwenye mashine kila mara kompyuta inapochelewesha cheche kwa sababu ya kugonga. Ikichelewesha mara kwa mara, napunguza presha, hata kama mteja ameshaipenda kasi yake.