Jina la Wi-Fi Lililofichwa, na Onyo la Cheti Linalopuuzwa

"Nikificha jina la Wi-Fi, hakuna atakayeiona."

Ukificha jina, ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) huacha tu kulitangaza. Mawimbi yanaendelea kusambaa kama kawaida. Kila simu yako inapojiunga, hulitaja jina hilo waziwazi hewani, na yeyote mwenye programu ya kunasa mawimbi hulidaka. Tena simu nyingi zilizohifadhi mtandao uliofichwa huuita kwa jina kila ziendako, kwa hiyo hata watu walio mbali na nyumba yako wanaweza kulisikia. Kuruhusu vifaa kwa kufuata anwani zao za MAC, yaani namba za utambulisho za kila kifaa, nako ni kinga dhaifu, maana anwani hizo husafiri bila kusimbwa (kugeuzwa zisisomeke bila ufunguo) na kuziiga ni kazi ya dakika chache.

Kinachokulinda ni usimbaji. WEP, mfumo wa zamani wa usimbaji wa Wi-Fi ulioanza mwaka 1997, ilivunjwa na watafiti mwaka 2001, na kufikia 2007 ufunguo wake uliweza kupatikana kwa chini ya dakika moja. Ukiikuta bado kwenye mipangilio, iondoe leo. Weka mfumo mpya zaidi, WPA3, au WPA2 yenye AES (aina imara ya usimbaji) ikiwa vifaa vyako ni vya zamani. Kwenye WPA2, mshambuliaji hunasa mazungumzo ya kifaa kinapojiunga, kisha huenda kukisia nenosiri kwa utulivu kwenye kompyuta yake. Ndiyo maana urefu una thamani kubwa: maneno matano yasiyohusiana yanashinda neno moja fupi lililopambwa kwa alama.

"Nimeshabadilisha nenosiri la Wi-Fi, nimemaliza."

Kuna nenosiri la pili, la kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu takriban jozi 60 za majina na manenosiri ya kiwandani. Hapakuhitajika ujanja wowote zaidi ya huo. Ukiwa humo ndani, funga usimamizi wa ruta kutoka nje, sasisha programu yake ya ndani, na uzime WPS ya namba, njia ya kujiunga na Wi-Fi kwa namba badala ya nenosiri. Namba hiyo ina tarakimu 8, lakini ruta huikagua kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hutokana na zile nyingine. Kwa hiyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata. Udhaifu huo umejulikana tangu 2011.

"Alama ya kufuli inamaanisha tovuti ni ya kuaminika."

Inamaanisha mawasiliano yako na tovuti hiyo yamesimbwa, basi. Tapeli naye hupata cheti halali, yaani hati ya kidijitali ya utambulisho wa tovuti, bure, kwa tovuti yake ya utapeli. Google iliiondoa alama hiyo kwenye Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu walikuwa wakiielewa vibaya.

"Onyo la cheti ni usumbufu, bonyeza uendelee."

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wako kuliko kwingine. Cheti kinathibitisha kwamba seva unayozungumza nayo ndiyo yenye jina uliloandika. Kikikataliwa, soma sababu kabla ya kugusa kitu.

Kama onyo linataja tarehe, na linatokea kwenye tovuti nyingi, tazama saa ya kifaa kwanza. Kompyuta ambayo betri ndogo ya ubao mama imekufa hurudi miaka ya nyuma kila inapokosa umeme, na vyeti vyote huonekana havijaanza kutumika. Rekebisha saa, kisha badilisha betri. Kama ni tovuti moja tu, huenda mwenyewe amesahau kuhuisha cheti. Subiri, usiandike nenosiri lolote hapo. Kifaa kikuukuu kina tatizo lake: tarehe 30 Septemba 2021 cheti kikuu kimoja (cheti ambacho vingine hutegemea ili viaminike) kilichotumiwa na Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure, kilikwisha muda, na vifaa vingi visivyosasishwa vikaanza kukataa tovuti zilizokuwa salama kabisa. Wakati mwingine chanzo cha onyo ni programu ya kuzuia virusi inayojiingiza katikati ya mawasiliano.

Mahali pekee ambapo mimi huendelea licha ya onyo ni ukurasa wa ruta yangu, kama 192.168.1.1, nikiwa nimeandika anwani mwenyewe na nimeunganishwa kwa waya. Ruta hujitengenezea cheti chake, na kivinjari hakina namna ya kukihakiki.

Dalili inayonitia hofu ni onyo la jina lisilolingana kwenye tovuti ya benki au barua pepe, tena kwenye vifaa vyote vya nyumbani. Zima Wi-Fi kwenye simu, fungua tovuti hiyo kwa data ya simu. Ikifunguka bila onyo, ishuku ruta: huenda mtu amebadilisha DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva, ili akupeleke kwake. Rudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, sasisha programu yake, weka manenosiri mapya yote mawili. Kisha, ukitumia data ya simu, badilisha manenosiri ya akaunti ulizoingia kupitia mtandao huo, ukianza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayotumika kurejesha nyingine zote.